Maoni Yetu: Nguzo za pampu zitathminiwe pamoja na bomba

Mradi wa maji unaotegemea pampu ni miradi miwili ndani ya mmoja. Upo wa maji, wenye chanzo, mtambo wa kutibu, bomba na matangi. Upo na wa umeme: laini inayochepuka kutoka njia kuu, inakatiza mashamba ya watu na pori la kijiji, inaishia kwenye transfoma nje ya nyumba ya pampu. Huo wa pili usipokuwepo, wa kwanza ni chuma na saruji tu. Lakini fungua ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wa maji, na mara nyingi utakuta umeme umepewa aya moja: kituo kitaunganishwa na gridi ya taifa. Basi. Ni kilomita ngapi, zinapita wapi, zinakata nini, zinaua nini, hakuna.

Aya moja haitoshi. Tunataka laini inayojengwa kwa ajili ya pampu itathminiwe pamoja na pampu yenyewe, ndani ya ripoti moja, mbele ya wananchi walewale, kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo na wakati njia ya laini bado inaweza kubadilishwa.

Chukua Bwawa la Nyumba ya Mungu, mkoani Kilimanjaro. Lilijengwa miaka ya 1960, pale maji ya Kikuletwa na Ruvu yanapokutana kuwa Mto Pangani. Lina mitambo ya umeme ya megawati 8. Chini yake, kwenye mto huohuo, kuna Hale ya megawati 21 na Pangani Mpya ya megawati 68. Na bwawa hilohilo ndilo chanzo cha mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ulioanza 2014 na kuzinduliwa Machi 2025. Maji hutolewa bwawani, husukumwa hadi matangi ya mlimani, kisha hushuka kwa mserereko hadi kwa watu wa nyanda kame za Upareni, ambako mvua nyingi huishia juu milimani na chini hubaki vumbi.

Hatuutaji mradi huo kuushutumu. Watu wa Same na Mwanga wamesubiri maji kwa miaka mingi mno, na tunafurahi pamoja nao. Tunautaja kwa sababu unaonyesha waziwazi jinsi maji na umeme vilivyofungana. Kila lita inayopandishwa mlimani ni lita isiyopita kwenye mitambo ya Hale na Pangani. Na kila lita inayopandishwa inadai umeme. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka maji ya matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine, na ndivyo inavyopaswa. Hata hivyo lazima mtu aifanye hesabu ya maji na umeme kwa pamoja, na ripoti ya maji isiyoujua umeme haiwezi kuifanya, wala ripoti ya umeme isiyoyajua maji.

Na si hesabu ya balbu. Kupandisha lita 1,000 za maji kwa mita 100 kunataka uniti 0.27 za umeme hata kama pampu ingekuwa haipotezi chochote. Pampu halisi inapoteza, kwa hiyo weka uniti 0.4. Mji mdogo unaopandisha lita milioni 10 kwa siku kwenda kwenye tangi lililo mita 200 juu ya chanzo utakula uniti zipatazo 8,000 kila siku, mwaka mzima, sikukuu zikiwemo. Mzigo wa namna hiyo haubebwi na waya uliokuwa unawashia kijiji taa. Unataka laini yake, mara nyingi ya kilovolti 33, na mara nyingine inabidi kituo kidogo cha kupozea umeme kijengwe au kipanuliwe.

Tuseme na upande wa pili, maana tathmini ya kweli huandika na faida. Laini ni bora kuliko jenereta, bila ubishi. Jenereta ya dizeli hutoa uniti 3 hadi 3.5 kwa lita. Kazi ya uniti 8,000 ingechoma zaidi ya lita 2,200 za dizeli kwa siku na kutoa kama tani 6 za hewa ya ukaa, achilia mbali mapipa ya mafuta yanayopangwa hatua chache kutoka chanzo cha maji, kelele, na bei ambayo mwishowe anailipa mama anayechota ndoo kioskini. Anayepinga laini ya pampu kwa jina la mazingira ajue anachagua nini badala yake. Sisi hatuipingi. Tunataka ijengwe vizuri.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtaka mwenye mradi afanye tathmini kabla ya kuanza kazi. Kanuni za 2005 zinataka ripoti iwe na muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na Kiingereza. Marekebisho ya 2018 yameigawa miradi kwa makundi: ile ambayo tathmini yake ni ya lazima, ile ya katikati inayochunguzwa kwanza, na ile midogo isiyohitaji tathmini kamili. Mgawanyo huo una maana. Hakuna haja ya kumfanyisha mtu wa kisima kimoja kazi ya bwawa zima.

Tatizo huanza mradi unapokatwa vipande. Bomba na mtambo vinakwenda kwenye kundi la juu. Laini, kwa kuwa ni ya msongo mdogo na ni fupi kuliko zile za minara mikubwa, inapelekwa peke yake kwenye kundi la chini, na mara nyingine inapelekwa na taasisi nyingine kabisa, mwaka mwingine, kwa mshauri mwingine. Kila kipande kikipimwa peke yake kinaonekana kidogo. Hakuna anayepima jumla. Benki ya Dunia, kwa masharti yake yaliyoanza kutumika Oktoba 2018, imeliziba tundu hili: miundombinu yoyote inayohusiana moja kwa moja na mradi, inayojengwa wakati mmoja nao, na ambayo bila hiyo mradi usingefanya kazi, inahesabiwa pamoja na mradi hata kama mjenzi wake ni mwingine. Laini ya pampu ina sifa zote tatu. Hatuoni kwa nini mradi unaojengwa kwa kodi zetu wenyewe uwe na masharti mepesi kuliko ule wa mkopo.

Kuna jambo jingine kwenye sheria hiyo ya 2004 ambalo wakulima wa kando ya mito wanalijua kuliko wanasheria. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa kifungu hicho watu wameng'olewa mahindi na kuhamishwa bustani za mchicha. Sasa kituo cha pampu, kwa asili yake, kinakaa ndani ya mita hizo 60. Nguzo zake za mwisho pia, na transfoma yake. Hilo halikwepeki: maji huchukuliwa yalipo. Lakini serikali inapojiruhusu kuingia mahali ilipomfukuza mwananchi, haitoshi kusema mradi ni wa umma. Ieleze inaingia kwa nguzo ngapi, inachimba nini, na itazuia nini kisiingie majini.

Na cha kwanza kuzuiwa ni mafuta.

Ukifika kwenye kituo chochote cha pampu, tafuta transfoma. Ni lile sanduku la chuma lenye mapezi pembeni na masikio ya kauri juu. Ndani yake kuna mafuta ya kupoza na kuhami, mamia ya lita kwenye zile za kati, maelfu kwenye kubwa. Chini kuna bomba dogo la kutolea mafuta. Mpira wa kuziba ukichoka, mafuta huanza kutoka kidogo kidogo. Utaona ubavu wa chuma umekuwa mweusi na vumbi limegandamana. Mbaya zaidi ni wizi. Watu hupanda usiku, hufungua bomba lile na kukinga madumu, na kinachowapita hubaki chini. Transfoma ya mtaani ikivuja, udongo wa mtaa unachafuka. Transfoma ya kituo cha pampu ikivuja, mvua ya kwanza inayateremsha mafuta kwenye maji ambayo pampu ileile inayanyonya na kuyapeleka majumbani. Hatujui mahali pabaya zaidi pa kuweka mafuta ya transfoma, na ndipo tunapoyaweka.

Dawa yake si ghali wala si ngeni. Transfoma ikae upande wa chini wa mahali maji yanapochukuliwa, mteremko ukielekea mbali na chanzo. Ikae juu ya sakafu ya zege iliyozungushiwa ukuta mfupi unaoweza kubeba mafuta yote ya ndani na ziada ya maji ya mvua. Bomba la kutolea maji ya mvua ukutani liwe na koki, na koki ikae imefungwa. Mlinzi aifungue baada ya kuangalia kama juu ya maji hakuna utando. Uwepo uzio wenye taa. Kama transfoma inayoletwa imetumika kwingine, ipimwe kwanza kama ina zile kemikali za sumu za zamani zinazojulikana kwa herufi PCB. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na mkataba huo uliweka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye kemikali hizo na 2028 kuwa mwisho wa kuviteketeza kwa njia salama. Transfoma kuukuu iliyohamishwa kwa nia njema ili kijiji kipate maji haraka isije ikawa ndiyo inayoleta sumu hiyo kijijini.

Zege, ukuta, koki, uzio. Fundi mzuri wa kijijini anavimaliza kwa siku chache. Visipoandikwa kwenye ripoti havimo kwenye mkataba, na visipokuwa kwenye mkataba mkandarasi hatavijenga, wala huwezi kumlaumu.

Nguzo nazo. Nyingi ni za mikaratusi, zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na arseniki ili zisiliwe na mchwa wala kuoza. Nguzo iliyosimama pakavu haina shida kubwa. Iliyosimama kwenye tope la ukingo wa bwawa huachia dawa yake polepole, kwa hiyo hapo tumieni za zege. Na nguzo kuukuu zisiachwe kando ya njia. Zikiachwa zitakuwa kuni, na moshi na majivu ya kuni zenye arseniki si kitu cha kuwa jikoni kwa mtu.

Njia yenyewe inakula ardhi kiasi gani? Ukanda wa upana wa mita 10 kwa urefu wa kilomita 1 ni hekta 1. Laini ya kilomita 25 ni hekta 25, zaidi ya ekari 60, ambako hakuna mti mrefu utakaoruhusiwa tena kusimama. Mahindi yatalimwa, maharage yatalimwa. Mwembe, mnazi, mgrevilea na mparachichi, hapana. Kwa mkulima mwenye ekari moja na nusu, ambaye miembe yake minane ndiyo ada ya shule, mita 10 zinazopita katikati ya shamba ni jambo zito kuliko linavyoonekana kwenye ramani. Fidia ina sheria zake na muda wake: isipolipwa ndani ya miezi 6 inaanza kudai riba. Lakini katika miradi ya umeme vijijini wananchi wamezoea kuambiwa kwamba fidia haipo, kwa kuwa umeme ni wao wenyewe. Laini ya pampu haiko hivyo. Inapita juu ya paa la mtu kwenda kusukuma maji ya mji ulio mbali, na mara nyingine mtu huyo hatapata umeme wala bomba. Tunadhani mwenye mradi wa maji ndiye anayepaswa kulipa, kwenye bajeti yake, kabla ya shoka la kwanza. Na kijiji kinachopitiwa kikipewa angalau kioski kimoja cha maji, hilo lisionekane hisani.

Ndiyo maana njia ichaguliwe pamoja na watu. Tunajua mkutano wa wadau unavyokwenda. Ramani inatandikwa juu ya meza, mstari mwekundu umeshachorwa kwa rula kutoka njia kuu hadi kituoni, mshauri anaeleza faida, mwenyekiti wa kijiji anashukuru, karatasi ya mahudhurio inazunguka. Karatasi hiyo ndiyo inayobandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Mahudhurio si maoni. Mkutano wa kweli unaletewa mistari miwili au mitatu. Mmoja ufuate barabara, hata ukiwa mrefu kwa kilomita nne. Mafundi watafika kwa gari wakati wa mvua, na miti ya kukata ni michache. Mwingine ufuate mkuza wa bomba lenyewe, ardhi ambayo tayari imechukuliwa na kulipiwa. Hapo wazee wataonyesha vitu ambavyo setilaiti haivioni. Upareni, kwa mfano, ipo misitu ya matambiko ya koo na yapo mabwawa madogo ya umwagiliaji ya asili, ndiva, yaliyotunzwa kwa vizazi. Haviandikwi kwenye ramani ya mkandarasi. Vimo vichwani mwa watu, na watu hao wapo, waulizwe.

Tukae kidogo kwa ndege, maana hapo ndipo wengi hucheka.

Laini ya pampu ina tabia moja isiyokwepeka: inakwenda majini. Kokote inakoanzia, itaishia mtoni, bwawani au ziwani, mahali ambapo ndege wakubwa wanakunywa, wanavua na kulala. Laini za kilovolti 11 na 33 huua zaidi kwa kutuliwa kuliko kwa kugongwa. Nyaya zake zinakaribiana, na mkono wa nguzo ukiwa wa chuma uliounganishwa na ardhi, ndege akitua hapo na kufungua mabawa hugusa waya na chuma kwa pamoja. Shoti. Njiwa hafi, ni mdogo. Tumbusi mgongo-mweupe, mwenye mabawa ya zaidi ya mita 2 kutoka ncha hadi ncha, anakufa. Tai, bundi na korongo vilevile. Laini za msongo mkubwa huua kwa namna nyingine: ndege hugonga waya alfajiri au kwenye ukungu.

Wasudani wana somo lililowagharimu. Karibu na Port Sudan, kwenye Bahari ya Shamu, palijengwa miaka ya 1950 laini ya kilomita 31 ya nguzo za aina hiyo. Mwaka 1982 ilikutwa na mizoga ya makumi ya tumbusi wa Misri chini yake. Mwaka 2010 watafiti walirudi wakaikuta bado inaua. Walihesabu mizoga 17. Baadhi ya ndege hao huja kutoka Ulaya na Uturuki kukwepa baridi, na jamii yao imo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Laini ilizimwa 2014 na mpya yenye nyaya zilizovikwa gamba la kuhami ikachukua nafasi yake. Hesabu miaka: zaidi ya 50 ya kuua, kwa laini fupi kuliko safari ya daladala ya asubuhi, kwa sababu ya umbo la mkono wa nguzo.

Tumbusi akipungua, mizoga ya ng'ombe hubaki kwa mbwa na fisi, na wafugaji wanajua kinachofuata. Na hata asiyejali tumbusi ajali pampu: ndege anapopigwa shoti, laini huruka na pampu husimama. Dawa ipo hapa pia. Waya wa kuunganisha upitishwe chini ya mkono wa nguzo, si juu. Vikombe vya kauri vining'inie badala ya kusimama. Mita moja ya waya kila upande wa nguzo ivikwe gamba la kuhami. Kwenye kipande kinachovuka maji, nyaya zitundikwe alama zinazoonekana kwa mbali. Mambo hayo yakiwekwa kwenye mchoro tangu mwanzo hayaongezi gharama kubwa. Kuyarudia baada ya nguzo 300 kusimama ni kazi nyingine.

Pampu kusimama nako ni suala la mazingira, ingawa ripoti nyingi haziligusi. Umeme unapokatika ghafla, maji yaliyokuwa yanapanda mlimani husita, hurudi nyuma kwa nguvu na kulipiga bomba kutoka ndani. Bomba dhaifu hupasuka, na maji yaliyogharimiwa dawa na umeme hutengeneza korongo kwenye shamba la mtu. Kama mkato ni wa siku mbili, mji unarudi kwenye madimbwi na visima visivyofunikwa, na kipindupindu kinajua njia hiyo. Wenzetu wa pwani ya Kenya wanalifahamu hili: visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, hulisha Malindi, Kilifi na Mombasa, na umeme ukisumbua Baricho, mabomba hukauka mbali huko. Kwa hiyo tathmini iulize laini itategemewa kiasi gani. Ni njia moja tu, au kuna ya pili ya kuingilia? Matangi yana akiba ya saa ngapi? Paneli za jua zinaweza kubeba sehemu ya kazi ya mchana, ili laini iwe ndogo? Majibu yanaweza kuubadilisha mradi mzima.

Tunajua jibu tutakalopewa. Watu wana kiu, nyie mnazungumza habari za tumbusi na koki, mnachelewesha maji. Tunalichukulia kwa uzito, kwa sababu anayelisema mara nyingi ni mtu aliyebeba ndoo kichwani. Lakini kinachochelewesha ni tathmini kufanywa kwa kuchelewa. Bomba limelazwa, tangi limepakwa rangi, ndipo inagundulika kwamba laini inakatiza hifadhi ya msitu na kibali hakijaombwa, au mwenye shamba ameweka zuio kwa sababu hakulipwa. Pampu mpya zinakaa kwenye makasha yake. Umeme ukitathminiwa siku moja na maji, vibali vinaombwa pamoja, fidia inalipwa pamoja, na nguzo zinasimama wakati mitaro inachimbwa.

Wajibu wa nani? Sheria inamtaja mwenye mradi, na kwenye mradi wa maji huyo ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, au mamlaka ya maji ya mji, si TANESCO, shirika la umeme. Kwa hiyo mamlaka ya maji isipeleke maombi ya cheti cha mazingira bila njia ya laini kuwa ndani ya ripoti, na TANESCO ikae mezani tangu siku ya kuandika hadidu za rejea. Taasisi ya mazingira inayopitia ripoti hizo nayo irudishe ripoti yoyote ya kituo cha pampu inayosema umeme utaletwa bila kusema utapita wapi. Kurudisha ripoti tatu za kwanza kutatosha. Washauri wengine watasikia.

Kisha kuna miaka inayofuata, na hapa tuna wasiwasi zaidi kuliko kwingine kote. Mkuza husafishwa kila mwaka ili majani na matawi yasifikie nyaya. Panga linatosha. Dawa ya kuua magugu ni rahisi zaidi kwa mkandarasi wa usafi, na inapopuliziwa kando ya chanzo cha maji hakuna anayeiona. Ukanda uliofunguliwa porini huwa barabara ya wachoma mkaa ndani ya msimu mmoja. Mpira wa transfoma huchoka. Gamba la kuhami waya hupasuka kwa jua. Hakuna ripoti ya kabla ya ujenzi inayoweza kuyaona hayo. Anayeyaona ni mtu anayetembea chini ya laini, nguzo kwa nguzo, mara mbili kwa mwaka, akiandika alichokuta: mzoga, alama ya mafuta, kisiki kipya, nguzo iliyoinama.

Mtu huyo anaweza kuwa kijana wa kijiji kinachopitiwa, akafundishwa na kulipwa na mamlaka ya maji, na daftari lake likafika kwa afisa mazingira wa wilaya kabla ya kila masika. Malipo yake yaingizwe kwenye gharama za uendeshaji wa kituo, mstari ulio karibu na ule wa kununua umeme, kuanzia bajeti ya mwaka wa kwanza. Madiwani watakaoletewa bajeti ya mradi unaofuata wautafute mstari huo, na wasipouona wairudishe.